Mmea wa Miiba, Haki ya Njia na Haki ya Jirani



Wasomaji wetu watukufu, akina mama, akina baba na vijana wa nyumba zetu: wiki hii hatutaandika juu ya talaka wala mirathi, mambo ambayo mmezoea kutuuliza. Tumekusudia kuandika juu ya debe la udongo, mmea mmoja wenye miiba, na kichochoro kimoja cha Mji wa Kale ambamo sisi wenyewe tulitoa shauri la haraka na baadaye tukajuta. Tumeona ni vyema kosa hili tulieleze kwa kalamu yetu, kwa sababu aliyetoa shauri hadharani hana budi kulirekebisha hadharani. Aidha, katika kulirekebisha tumejifunza mambo ya kilimo cha nyumbani ambayo huenda yakawafaa wengi.

Njia ya kuelekea Kibokoni

Ilikuwa siku ya Alhamisi, msimu wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna. Tulisali alasiri katika Msikiti wa Mandhry, ambao wajuzi wa historia ya mji wetu wanasema ulijengwa mwaka 1570. Tulipotoka tuliifuata barabara yenye jina la marehemu Liwali Mbarak Ali Hinawy, tukapanda Ndia Kuu, kisha tukaingia vichochoro vya kuelekea Kibokoni. Tulikuwa tumeitwa kusuluhisha majirani wawili.

Mgeni akiingia Mji wa Kale kwa mara ya kwanza, macho yake huvutwa na milango ya nakshi na roshani za mbao. Sisi tuliokulia hapa tumeizoea milango hiyo hata hatuioni tena. Siku ile, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa kwamba ugomvi wenyewe ni wa mmea, tulijikuta tukitazama mimea njia nzima. Ajabu ni kwamba kisiwa hiki cha mawe na chokaa, ambacho nyumba zake zimebanana ukuta kwa ukuta na wengi hawana ua wala bustani, kimejaa mimea. Imo ndani ya madebe ya mafuta ya kupikia, ndoo zilizopasuka, masufuria yasiyo na masikio, na hata karai kuukuu la fundi mwashi. Utauona mrehani karibu na mlango, kwa harufu yake na kwa ajili ya kutia nyweleni. Utauona mwasumini juu ya roshani, na mshubiri penye ngazi, ambao bibi zetu waliutumia kwa ngozi iliyoungua na kumwachisha mtoto ziwa. Na katikati ya hiyo, hapa na pale, utauona mmea mwembamba wa rangi ya kijivu, umejaa miiba kuanzia chini hadi juu, na juu ya miiba hiyo maua madogo mekundu kama tone la damu.

Jambo jingine tuliloliona siku hiyo ni jua. Wazee waliojenga mji huu walivibana vichochoro kwa hekima, ili watu wapite kivulini na upepo wa bahari upate njia. Kwa hiyo katika kichochoro cha watu wawili kupishana, jua huingia adhuhuri, likakaa kitambo, kisha likaondoka. Tuliliona lakini hatukulitia maanani. Laiti tungalilitia maanani, tusingalikosea.

Mgeni kutoka Bukini

Kwanza tuueleze mmea wenyewe. Wataalamu wanauita Euphorbia milii. Asili yake ni kisiwa cha Madagascar, ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Neno la kwanza la jina lake linatokana na tabibu aliyeitwa Euphorbus, aliyemtibu Mfalme Juba wa Pili wa Maghribi, Afrika ya Kaskazini, yapata miaka 2000 iliyopita. Neno la pili linatokana na Milius, gavana Mfaransa wa kisiwa cha Réunion, ambaye mwaka 1821 aliupeleka mmea huo Ufaransa. Majirani zetu Wakristo wana jina lao linalotokana na imani yao juu ya taji la miiba. Katika vichochoro vyetu wengi huuita tu mmea wa miiba, nasi tutatumia jina hilo.

Mmea huu ni wa jamii ya mimea inayohifadhi maji ndani ya shina lake. Ndiyo maana huvumilia ukame, na ukikosa maji hupukutisha majani ukabaki miiba mitupu mpaka mtu akadhani umekufa. Miiba yake hufika urefu wa sentimita 3. Yale tunayoyaona kuwa ni maua, mekundu, ya waridi, ya manjano au meupe, kwa hakika ni majani mawili yaliyopewa rangi. Ua lenyewe ni dogo mno, limejificha katikati. Subhanallah, mara ngapi jicho limesifu kitambaa likasahau johari iliyofungwa ndani yake!

Ama hatari yake si miiba peke yake. Ukivunja tawi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huwasha ngozi na kuitia malengelenge, huunguza jicho vibaya, na ukiliwa ni sumu kwa binadamu na kwa wanyama. Mmea huu ni ndugu wa mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua wa shamba, ambao wazee walitukataza kuuchezea utotoni. Lakini tazameni namna Mola alivyoviumba vitu: watafiti nchini Brazil waliuchunguza utomvu huo huo kwa ajili ya kuwaua konokono wanaobeba ugonjwa wa kichocho. Kitu kimoja kina madhara mahali fulani na manufaa mahali pengine. Hilo ndilo tulilopaswa kulikumbuka siku ile ya Alhamisi.

Shauri la haraka

Tulipofika, tulikaa barazani. Upande mmoja alikuwako baba mmoja kijana, fundi seremala, na upande wa pili mama mmoja mjane ambaye alizungumza nasi kutoka nyuma ya pazia la mlango wake. Majina yao tunayahifadhi.

Kisa kilikuwa hivi. Mama yule alikuwa na madebe matatu ya mmea wa miiba juu ya baraza yake. Mmea ulikuwa umerefuka, umeinama mbele, na matawi yake yalikuwa yametokeza kichochoroni kiasi cha mkono mmoja. Mtoto wa seremala, mwenye miaka mitano, alilivunja tawi akicheza, kisha akajifuta jicho. Alilia usiku kucha. Alfajiri alipelekwa hospitali, na kwa siku kadhaa jicho lake lilifungwa. Alhamdulillah, aliona tena vizuri. Lakini baba yake alikuwa bado na hofu ya usiku ule, na hofu ikishapita hugeuka hasira.

"Sheikh," alituambia, "mimi sitaki fidia. Nataka hii miiba iondoke tu."

Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mtoto yule ni mjukuu wangu pia. Nimelia naye."

Sisi tukatoa shauri pale pale. Tukasema kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Kwamba imani ina tanzu nyingi na ulio chini kabisa katika tanzu hizo ni kuondoa udhia njiani. Kwa hiyo mimea ing'olewe na itupwe. Maneno yalikuwa ya haki. Seremala alishukuru. Mama alisema, "Nimesikia, Sheikh." Tukanyanyuka, tukarudi kusubiri magharibi, tukidhani tumefanya jambo la kheri.

Jumatatu iliyofuata tulipita tena njia ile. Penye pembe ya kichochoro, ambapo watu hutupa taka kabla hazijachukuliwa, palikuwa na kijana wa mkokoteni wa maji amekaa chini, ameshika mguu wake, kandambili yake imetobolewa. Madumu yake yalikuwa yamesimama juani. Mwiba ulikuwa umepita kandambili na kuingia unyayoni.

"Sheikh, nani ametupa miiba njiani?" alituuliza.

Tulinyamaza kitambo, kwa sababu jibu lilikuwa ni sisi. Tulimsaidia kuuchomoa ule mwiba, tukamwosha mguu kwa maji ya dumu lake mwenyewe, tukamlipa maji aliyoyatumia na kazi aliyoikosa. Kisha tukawaza: udhia tulioutoa mlangoni kwa mwanamke mmoja tumeuweka katika njia ya watu wote.

Alichotuambia mama

Tulirudi kwa mama yule, tukiwa pamoja na dada yetu. Tulimwomba radhi kwa kumwamuru bila kumwuliza. Alisema kwamba siku ile ya Alhamisi alimpa kijana mmoja shilingi kadhaa aipeleke mimea mbali, na kijana akaona pembe ile inatosha. Kisha tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kuanza nalo: mmea huu ulifikaje hapa?

Alituambia kwamba mwanawe wa pekee aliuleta mwaka 2016, wiki moja kabla ya kusafiri kwenda kufanya kazi Qatar. Ulikuwa kijiti tu ndani ya kopo. Alimwambia, "Mama, huu hautaki maji mengi, hautakusumbua." Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala, mwana hupiga simu, na baada ya kumjulia mama yake hali huuliza, "Je, umechanua?" Mama akakata vijiti, debe moja likawa matatu.

"Ijumaa iliyopita aliniuliza," mama alisema. "Nikamwambia umechanua. Sheikh, huo ni uongo umeandikwa?"

Ndugu zetu, tumesoma vitabu vya fiqhi tangu utoto wetu, lakini swali hilo lilituelemea. Tulimjibu kwamba uongo ni uongo, na dawa yake ni toba na kusema kweli. Lakini sehemu ya mzigo ule ilikuwa juu yetu, kwa sababu aliyemfikisha mtu penye dhiki bila haja hawezi kusimama kando akamhesabia makosa. Tulimwahidi kwamba, inshallah, Ijumaa inayokuja atakuwa na la kweli la kusema.

Mahali pake

Tangu chuoni tulifundishwa maana fupi ya uadilifu: ni kukiweka kitu mahali pake. Na dhulma ni kukiweka pasipo pake. Sisi tulikuwa tumeuona mmea kuwa ndio kosa, kumbe kosa lilikuwa ni mahali ulipowekwa.

Tulimwendea seremala, tukamweleza habari ya mwana wa yule mama na habari ya kijana wa mkokoteni. Alinyamaza, kisha akaingia ndani akatoka na glavu zake za kazi. Tulikwenda pamoja penye pembe ile. Mimea ilikuwa imelala juani siku nne, imenyauka, majani yote yamepukutika, na pale ilipokatika utomvu ulikuwa umekauka. Seremala alisema, "Imekufa hii, Sheikh."

Tuliichukua hivyo hivyo tukaifunga katika gunia, na kesho yake tukavuka daraja la Nyali kumtafuta mmoja wa wale wauzao miche kando ya barabara. Mzee yule alilitazama gunia akacheka. Alitueleza kwamba kijiti cha mmea huu hakipandwi kibichi. Kikikatwa, lazima kiachwe siku kadhaa mahali pakavu mpaka kidonda chake kifunge, la sivyo kitaoza udongoni. Basi zile siku nne za jaani, ambazo sisi tulidhani zimeuua mmea, ndizo siku ambazo ungepewa na mtunzaji hodari. Mola hulificha jema mahali ambapo mja haangalii.

Mzee huyo ndiye aliyetufumbulia na suala la jua. Mmea wa miiba unataka jua lisilopungua muda wa saa sita kwa siku. Ukiwekwa kivulini hautoi maua ya kutosha, nao hurefuka na kuinama kuufuata mwanga. Hapo tulielewa kwa nini matawi yalitokeza kichochoroni: mmea ulikuwa ukilitafuta jua ambalo halifiki barazani. Haki ya njia na haki ya mmea zilikuwa zikidai jambo moja, nalo ni kuuondoa pale na kuupandisha juu.

Lakini nyumba ya mama yule ina paa la mabati. Nyumba yenye dari tambarare ni ya seremala. Tulikuwa bado tunatafuta maneno ya kumwomba, akatutangulia: "Uje kwetu, Sheikh. Mlango wa darini nitautia komeo juu, mtoto asifikie." Akatengeneza kibao cha kuwekea madebe kwa mbao zilizobaki kazini, akakifunga ukutani ili upepo wa kusi usije ukakiangusha. Tulikata vijiti saba. Vitano vilishika.

Ijumaa iliyofuata mama alimwambia mwanawe kweli yote: mtoto kuumia, mmea kutupwa, na vijiti vitano juu ya dari ya jirani. Mwana alilolisema kwanza lilikuwa kuuliza hali ya jicho la mtoto. Masika ilipita, kusi ikavuma ikatulia, na kaskazi iliporudi kijiti kimoja kilitoa ua. Mke wa seremala, akianika nguo, alilipiga picha kwa simu yake akaituma Qatar. Siku hizi wanawake wale wawili hupanda darini pamoja jioni, mmoja kuanua nguo na mwingine kuangalia madebe yake. Mlango kwa mlango waliishi miaka mingi, lakini dari ndiyo iliyowafanya majirani.

Namna ya kuutunza

Kwa kuwa wengi mna mmea huu au mtapenda kuwa nao, tunawaandikia tuliyojifunza, mengine kwa yule mzee na mengine kwa madebe yale.

Mahali. Uwekwe penye jua na mbali na mapito: juu ya dari iliyofungwa, au roshani ambayo watoto hawafiki. Usiwekwe barazani, penye ngazi, wala mlangoni. Chombo cha roshani kifungwe barabara, kwa sababu kikianguka anayeumia ni mpita njia asiye na habari. Upepo wa bahari na chumvi yake mmea huu huuvumilia vizuri kuliko mimea mingi.

Udongo. Adui mkubwa wa mmea huu ni maji yaliyotuama. Chombo kitobolewe matundu chini. Weka kwanza vipande vya matumbawe au vigae, kisha udongo uliochanganywa na mchanga, nusu kwa nusu. Mchanga wa ufukweni usitiwe kabla ya kuoshwa vizuri kwa maji matamu, maana chumvi yake ni nyingi. Mara moja au mbili kwa mwaka unaweza kuongeza samadi kidogo ya mbuzi iliyokwisha kuoza.

Maji. Mwagilia pale tu udongo unapokauka kabisa ukiutia kidole. Wakati wa kaskazi, mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Wakati wa masika, uache ulishwe na mvua, na mvua ikizidi usogeze penye hifadhi. Sote tunajua dhiki ya maji katika kisiwa hiki, jinsi mifereji inavyokauka na jinsi tunavyonunua dumu kwa dumu. Visima vingi vya mjini maji yake ni ya chumvi na hayafai kumwagilia kila siku. Mama yule hukinga maji ya udhu katika beseni na kuyatia katika madebe yake, nasi tunaona huo ni uangalifu mzuri. Tumekatazwa israfu ya maji hata kando ya mto, seuze sisi tunaoyasubiri kwa foleni.

Kupunguza na kupanda. Vaa glavu nene, au ulikunje gazeti liwe kama mkanda ulishikie shina. Linda macho, hata kwa miwani ya kawaida. Tumia kisu cha kazi hiyo peke yake, kisiwe cha jikoni. Kata kijiti cha urefu wa kidole au zaidi kidogo, kitie maji ili utomvu ukome, kisha kiweke kivulini pakavu siku nne hadi saba. Kipande katika mchanga na udongo, maji kidogo, na usubiri. Baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili kitakuwa na mizizi. Usikivute kila siku kutazama kama kimeshika. Subira ni sehemu ya kilimo.

Wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba penye vikonyo, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, ukiwa na glavu.

Usalama. Waonyeshe watoto mmea huu kwa vidole vya mbali, na uwaambie sababu, kwa kuwa mtoto akikatazwa bila kuelezwa huenda kujaribu. Paka wa mji wetu na mbuzi pia wasiufikie. Utomvu ukigusa ngozi, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayomiminika kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Usitie jichoni maziwa, asali wala dawa yoyote ya nyumbani. Wala mtu asiudhanie kuwa ni mshubiri akaupaka nywele au ngozi. Si kila chenye miiba na maji ndani ni dawa.

Kutupa. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani hata kwa saa moja. Yafungwe katika katoni au gunia nene, na mchukuzi wa taka aambiwe kilichomo. Wala yasichomwe moto, maana moshi wake huwasha macho na kifua.

Jambo la mwisho ni la itikadi. Wako wanaouweka mmea huu mlangoni kwa kudhani kwamba miiba yake huzuia hasadi na jicho baya. Nchini Thailand, ambako wamezalisha aina zenye maua makubwa, wako wanaoamini kwamba maua manane katika kikonyo kimoja huleta bahati. Sisi kinga yetu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na tumefundishwa tusome nini asubuhi na jioni. Mmea tuupande kwa uzuri wake, na kwa kumbukumbu ya aliyetupa.

Ndugu zetu, huenda mtu akauliza: mmea usioliwa tunda wala jani una thawabu gani? Tumefundishwa kwamba anayepanda, kisha ndege, mnyama au mtu akanufaika, ameandikiwa sadaka. Vipepeo huja juu ya dari ile. Na mama aliyekuwa akihesabu Ijumaa peke yake sasa ana jirani wa kuhesabu naye. Tunatarajia kwa Mola kwamba hilo nalo halipotei.

Kwa upande wetu tumejifunza kwamba kabla ya kusema "kitupwe", tuulize kimefikaje na kitatupwa wapi. Yule kijana wa mkokoteni bado hupita barazani kwetu, na kila akipita hutucheka: "Sheikh, leo njia ni safi?" Nasi humjibu kwamba tunaitazama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na kila dhara, awarudishe salama wana wetu walio ughaibuni, na atujaalie kukiweka kila kitu mahali pake. Amin.

Wabillahi tawfiq.